Masta ya bioinfomatiki ya kuchanganya idara: maoni yangu baada ya kuisoma mpaka mwisho

Wakuu habari zenu. Kila msimu wa maombi ya vyuo ukifika naona watu wanaulizana kuhusu bioinfomatiki, yaani kuchambua data za viumbe kama DNA kwa kompyuta na takwimu, inalipa au hailipi, mtu wa biolojia ataiweza au itamshinda, wa kompyuta atafanya nini huko kwenye mambo ya damu na vijidudu, na wengi wanaojibu ni watu ambao hata hawajaisoma. Mimi nimeisoma, nimemaliza, na kazi ninayofanya sasa ni hiyo hiyo, kwa hiyo niacheni niandike kwa kirefu. Chuo sikitaji jina maana kuna vitu nitavilalamikia humu na baadhi ya wahusika bado wapo pale wanafundisha watu kwa moyo kabisa, itoshe kusema ni chuo cha serikali hapa hapa Afrika Mashariki. Naipa nyota 4 kati ya 5.

Kwanza muelewe inavyoendeshwa maana hapo ndo wengi wanachanganya. Hii ya kwetu haina idara yake. Wewe unabaki mwanafunzi wa idara uliyoombea, iwe biolojia ya molekuli, sayansi ya kompyuta, takwimu, afya ya jamii au tiba ya mifugo, halafu juu yake unabeba utaalamu wa bioinfomatiki, yaani kuna kozi kadhaa mnasoma wote pamoja bila kujali umetokea wapi, kuna semina kila wiki, na tasnifu yako lazima iwe na wasimamizi wawili, mmoja wa upande wa viumbe na mmoja wa upande wa hesabu au kompyuta. Kuna vyuo vingine wameifanya shahada kamili inayojitegemea, Makerere wanayo, Pwani kule Kilifi wanayo, huko unaingia moja kwa moja kama mwanafunzi wa bioinfomatiki. Kwa hiyo tangazo mkiliona msikimbilie kujaza fomu, someni kwanza ni ipi kati ya hizo mbili, maana maisha yake ni tofauti kabisa.

Sasa kitu kilichonifanya niipende ni darasa lenyewe. Mimi nimetokea maabara ya hospitali, kazi yangu ilikuwa kuchukua sampuli na kuendesha mashine za PCR, zile za kuzidisha kipande cha DNA mpaka kipimike, jirani yangu wa kushoto daktari wa mifugo, mbele yetu vijana wa kompyuta waliokuwa wanaandika programu za benki, na dada mmoja wa takwimu ambaye akikuuliza swali moja tu kuhusu data yako unaanza kuitilia shaka wewe mwenyewe. Kwenye kozi ya vitendo mwalimu alitupanga wawili wawili, mmoja wa kila upande, kompyuta moja, na hakuruhusu mtu kubadilisha mwenzake. Mwanzoni watu walinung'unika sana, kila mtu anataka akae na rafiki yake. Mimi leo nasema ule ndo uamuzi bora kuliko yote yaliyofanyika kwenye ile programu.

Niwape mfano mmoja muone ninachomaanisha. Tulipewa zoezi la malaria, data ya MalariaGEN, mtandao wa watafiti wa malaria, inaitwa Pf7, ina jenomu, yaani DNA nzima, za vimelea vya Plasmodium falciparum kutoka sampuli zaidi ya 20,000 za nchi 33, Tanzania na Kenya zimo, na iko wazi, mtu yeyote anaishusha bure. Kazi ilikuwa kuangalia jeni ya kelch13, ambayo ikibadilika sehemu fulani fulani vimelea vinachelewa kufa mgonjwa akipewa artemisinini, na artemisinini ndo msingi wa ile dawa mseto tunayopewa wote zahanati. Badiliko la kutafuta linaitwa R561H, ndo lile lililoripotiwa Rwanda mwaka 2020 na baadaye likaonekana Kagera, kwetu hapa. R561H maana yake kwenye protini ile, nafasi ya 561, asidi amino (vipande vinavyojenga protini) iitwayo ajinini imegeuka kuwa histidini, na ukirudi nyuma kwenye DNA, inayoandikwa kwa herufi nne A, C, G na T, ni kwamba herufi G imekuwa A. Mwenzangu wa kompyuta, kaka mmoja mkali kweli kweli, muda si muda keshaandika skripti, programu fupi, ya kupitia faili zima la kromosomu ya 13, anatafuta G iliyokuwa A pale kwenye hiyo nafasi, hamna kitu. Akarudia hesabu ya nafasi, hamna. Kinachoonekana pale ni C iliyokuwa T. Akanigeukia, "dada, hii data yenu ina makosa".

Nikamwambia hapana kaka, hii jeni imeandikwa kwenye uzi wa pili wa DNA, inasomwa kutoka kulia kuja kushoto, na faili linaonyesha herufi za uzi wa kwanza, kwa hiyo G ya huku ndo C ya kule na A ya huku ndo T ya kule. G kwenda A na C kwenda T ni badiliko lile lile moja. Akanyamaza, akarekebisha skripti, kila kitu kikakaa mahali pake. Sasa fikirieni, mimi peke yangu nilikuwa nalijua hilo la nyuzi mbili tangu digrii ya kwanza, ila faili lenye sampuli elfu 20 nisingejua hata pa kulishikia. Yeye peke yake angeandika ripoti safi kabisa, yenye grafu nzuri, inayosema badiliko la usugu halipo. Na ripoti za namna hiyo wanaozisoma ni watu wanaopanga dawa gani itumike nchi nzima. Ndo maana mtu akiniambia bioinfomatiki ni kompyuta tu, au ni biolojia tu yenye kompyuta, huwa nabishana naye mpaka mwisho.

Na vitu vya hivi vilikuwa vingi. Kuna mafaili yanahesabu nafasi za DNA kuanzia 0, BED ndo hivyo, na kuna mengine yanahesabu kuanzia 1, VCF na GFF, ukichanganya hayo mawili bila kujua unakuwa umesogea herufi moja, na herufi moja kwenye jeni inatosha kukupa asidi amino ya uongo. Kuna lile la Eksel pia, majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT2 ukiyafungua kule yanageuka tarehe yenyewe tu bila kukuuliza, yaani tatizo lilisumbua watafiti dunia nzima kwa miaka mingi mpaka kamati ya majina ya jeni za binadamu mwaka 2020 ikaamua kubadilisha majina yenyewe, sasa hivi ni MARCHF1 na SEPTIN2. Mwalimu wetu alikuwa anatuletea mafaili ya aina hiyo makusudi, yameshaharibika, anasema tafuteni ugonjwa uko wapi. Unakaa nalo jioni nzima. Lakini ukilipata hulisahau tena.

Kozi ya takwimu nayo ilikuwa moto, na naomba niiseme vizuri maana watu wa biolojia wengi tunaikimbia. Yule dada wa takwimu niliyemtaja alituonyesha kitu siku ya semina: kimelea cha malaria kina jeni kama 5,000 na kidogo, ukizipima zote moja moja kwa kile kipimo tulichozoea cha 0.05, yaani unakubali bahati ikudanganye mara 5 kati ya 100, jeni kama 250 zitakuambia "mimi ni muhimu" kwa bahati tu, hata kama hakuna chochote kinachoendelea. 250! Nikakumbuka ripoti nilizowahi kuziona kazini, orodha ndefu ya majina ya jeni, na hakuna aliyewahi kuuliza ngapi kati ya hizo ni za bahati. Kuanzia siku ile nikisoma utafiti wa mtu kitu cha kwanza naangalia amerekebisha kwa wingi wa vipimo au hajarekebisha.

Haya, ile nyota moja niliyoibana sasa.

Ya kwanza ni mwanzo wa masomo. Wiki za mwanzo kabisa watu wa maabara tulifunguliwa terminali ya Linux, skrini nyeusi, hakuna pa kubofya, tukaambiwa ingieni kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya chuo, mshushe data, kama vile kila mtu alizaliwa anajua hayo mambo. Upande wa pili wenzetu wa kompyuta wakatupiwa lekcha za baiokemia za kukariri mizunguko ya kemikali mwilini, vitu ambavyo mpaka wanamaliza hawakuvigusa tena. Wapo waliosapu hapo, na yupo mmoja aliyeacha kabisa muhula wa kwanza, mtu mwenye akili nzuri tu, alikosa wa kumshika mkono mwezi wa kwanza. Hiki ndo kinachoniuma kuliko vyote, kwa sababu dawa yake ilikuwa rahisi, wiki kadhaa za maandalizi kabla ya muhula, Linux na Python (lugha ya kuandika programu) kwa sisi, seli na jeni kwa wao, basi. Walimu walikuwa na uwezo wa kufanya hivyo. Ila hakuna idara iliyotaka kuhesabiwa hizo saa za kufundisha, kila moja inasema hao ni wanafunzi wa kule.

Na hapo ndo penye kiini cha matatizo yote ya programu za kuchanganya idara, mwanafunzi ana nyumba mbili na hakuna anayeuliza umekula. Ratiba za mitihani zinagongana, ukienda kwa mratibu wa huku anakwambia ongea na wa kule. Matokeo ya kozi za pamoja yanachelewa kuingia kwenye mfumo kwa sababu aliyefundisha ni wa kitivo kingine. Wenzetu waliokuwa na mkopo au ufadhili walihangaika sana na hilo, mfadhili anataka matokeo, chuo hakina cha kumuonyesha.

Wasimamizi wawili nayo ni baraka na mtihani kwa wakati mmoja. Wangu wa upande wa viumbe alitaka kila ninachokipata kwenye kompyuta nikakithibitishe maabara, na hela ya vitendanishi, kemikali za kupimia, hakuna. Wa upande wa kompyuta alitaka nibuni njia mpya ya uchambuzi, njia iliyopo ikitosha yeye haimpendezi. Nilienda hivyo miezi, nikirekebisha sura moja mara ya huyu mara ya yule. Kilichonisaidia ni kuwaomba wakae pamoja, mezani, na mimi nipo, tukaandika ukurasa mmoja unaosema tasnifu hii inajibu swali gani na nini hakimo, wote wawili wakasaini. Baada ya hapo kazi ilienda. Nawashauri mfanye hivyo mapema iwezekanavyo, kabla hata ya kuandika pendekezo la utafiti, na msione aibu kuwaita maprofesa kikao, wakiitwa kwa adabu wanakuja.

Seva sasa. Tulikuwa na klasta moja, yaani kompyuta kadhaa zilizounganishwa, kwa kitivo kizima, unatuma kazi inapanga foleni, na kipindi cha tasnifu foleni inafika siku kadhaa. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, kazi iliyokuwa inaendelea inaanza upya, isipokuwa kama umeiandika kwa Snakemake au Nextflow, programu za kupanga hatua za uchambuzi, hizo zinajua hatua gani zimeshakamilika zinaendelea kutokea pale. Kwa hiyo tukajifunza Snakemake kwa shida na leo nashukuru, ila haikuwa kwenye mtaala, tulifundishana wenyewe usiku. Na nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ndogo, jenomu ya binadamu mmoja ikisomwa kwa kina cha kawaida cha mara 30, yaani kila herufi inasomwa kama mara 30, mafaili yake yanaweza kufika gigabaiti 100, sasa ukiwa na sampuli 50 hebu piga hesabu.

Ndo maana nawaambia wanaoanza, chagueni kiumbe chenye jenomu ndogo kama mnajua chuo chenu hakina mtambo. Kimelea cha malaria kina herufi kama milioni 23, bakteria wa TB milioni 4.4, kirusi cha korona kama elfu 30 tu. Hizo laptopu ya RAM ya gigabaiti 16 inabeba vizuri, ya 8 inabeba kwa kuvumilia. Wenzangu waliong'ang'ania binadamu bila kuwa na seva ya uhakika walichelewa kumaliza. Na uhitaji wa hizo ndogo ni mkubwa huku kwetu, msifikiri ni kazi za daraja la pili. Kuna watafiti wa virusi vya muhogo walibeba MinION, kile kimashine cha kusoma DNA kinachochomekwa kwenye laptopu, wakaenda nacho mpaka shambani Tanzania, Uganda na Kenya, mkulima anaambiwa muhogo wake una kirusi gani akiwa amesimama pale pale. Wa Kilifi kule kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome ndo walikuwa wanasoma jenomu za korona za Kenya. Kazi ndogo ndogo hizo ndo zinagusa watu.

Kama unataka kuingia na bado una muda kabla ya muhula, jiandae mwenyewe usisubiri chuo. Rosalind ni mazoezi ya bure mtandaoni, la kwanza kabisa ni kuhesabu A, C, G na T ngapi zimo kwenye kipande cha DNA, linaonekana la kitoto ila ukifika katikati umeshajua Python bila kutangaziwa. Galaxy nayo ni bure, unachambua data kwa kubofya kwenye kivinjari, seva ni yao wewe unatoa bando tu, nzuri sana kwa mtu wa maabara kuelewa hatua kabla hajagusa terminali. Halafu kuna masomo ya H3ABioNet, mtandao wa watu wa bioinfomatiki Afrika uliokuwa unaongozwa kutokea Chuo Kikuu cha Cape Town, walianza mwaka 2016 kozi ya utangulizi ya bure ambapo watu wanakaa kwenye madarasa ya vyuo vyao nchi mbalimbali za Afrika wanafuata lekcha moja kwa pamoja, na video za lekcha waliziweka wazi. Kwangu hizo video zilikuwa mwalimu wa kweli ule mwezi wa kwanza wa skrini nyeusi.

Kuhusu ajira nisiwadanganye. Nafasi ya serikali iliyoandikwa mtaalamu wa bioinfomatiki ni adimu, wengi wetu tuko kwenye miradi, mkataba wa miaka miwili mitatu, unaisha unatafuta mwingine. Lakini miradi ipo kwenye taasisi za utafiti, hospitali na vyuo, NIMR, Ifakara, Muhimbili, KCRI kule Moshi, Sokoine kwa wa mifugo na mazao, ukivuka mpaka kuna icipe na ILRI Nairobi, Kilifi, na IDI Kampala. Na watu wenye miguu pande zote mbili bado ni wachache kuliko data inayozalishwa. Mashine za kusoma DNA zimenunuliwa nyingi kipindi cha korona, nenda kaulize nani anachambua kinachotoka humo.

Mimi binafsi kinachonifanya niseme isomeni pamoja na usumbufu wote ule ni hiki. Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa, mradi wa kuchunguza jenomu za Waafrika, walisoma jenomu za Waafrika 426 tu, kutoka makabila 50 hivi, wakakuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwahi kuandikwa popote duniani. Watu 426 tu hao. Sisi tuna watoto wenye selimundu wanaozaliwa kila siku, badiliko lake tunalijua, ni herufi moja tu kwenye jeni ya HBB, A imekuwa T, lakini kwa nini mtoto huyu anaumwa sana na yule mwenye badiliko lile lile anakua vizuri, sehemu ya jibu imo kwenye hizo jenomu zetu ambazo hazijasomwa. Sitaki zisomwe zote na watu wa mbali halafu tuletewe matokeo. Nataka azisome mtu aliyemtoa yule mtoto damu, akiwa amekaa na mtu anayejua kuiamrisha kompyuta, kwenye meza moja.

Kwa hiyo kabla hujalipa ada ya maombi uliza haya. Kozi za pamoja zinafundishwa na watu wangapi na wako idara gani, na je kuna hata moja inayofundishwa na wawili kwa pamoja darasani. Nani anatoa alama na zinaingia lini. Kuna wiki za maandalizi au hakuna. Nafasi ya kuhifadhi data kwa kila mwanafunzi ni kiasi gani, na ukimaliza data yako inakaa wapi. Wasimamizi wa pili wanapatikanaje, unajitafutia au unapangiwa. Na haya msimuulize mratibu peke yake, yeye atawapa karatasi yenye picha nzuri. Ombeni namba ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, mpigieni jioni akiwa ametulia, muulizeni kazi yake ya mwisho ilikaa kwenye foleni siku ngapi, na wasimamizi wake wawili wamekaa naye meza moja mara ya mwisho lini.